Pikapu yako itavuta, je itasimama?

Watu wakitaka kuhamisha kijiko (ile mashine ya kuchimbia) au trekta kwa trela swali lao la kwanza huwa pikapu yangu itavuta? Itavuta. Dizeli za siku hizi zina nguvu sana, itavuta hata mzigo ambao haikutengenezewa, na hapo ndo hatari ilipo kwa sababu dereva anaona gari inapanda mlima vizuri tu anaamini yuko salama. Mi naomba ujiulize kitu kingine, ukiwa kwenye mteremko na mbele mtu akafunga breki ghafla, huo mzigo wote utausimamisha na nini?

Nilikuwa na kijiko kidogo, karatasi yake inasema kilo 2,700, na trela tupu kilo 800. Jumla 3,500, na ndoano ya pikapu yangu mwisho wake ni 3,500, kwa hiyo kichwani hesabu ilitimia kabisa nikaondoka na amani. Njiani nikapita mizani, nikasoma 3,860. Kilo 360 zimetoka wapi? Ndoo mbili za ziada nilizotupia pembeni, tanki limejaa dizeli, minyororo yenyewe, na matope, jamani matope, yale yaliyoganda kwenye mikanda ya kijiko ukiyakwangua unajaza matoroli. Tangu siku hiyo karatasi ya mashine siiamini peke yake, naosha mashine kabla ya kupakia na napitisha kwenye mizani halisi.

Afu ujue uzito una majina mengi na yote yanakuhusu. Kuna uzito wa juu wa trela ikiwa na mzigo, kuna uwezo wa ndoano, kuna uwezo wa kile kichwa cha mviringo cha chuma ambacho trela inakalia, kuna uzito wa juu wa gari na trela kwa pamoja, na kuna mzigo ambao pikapu yenyewe inaruhusiwa kubeba mgongoni. Ukomo wako ni ile namba ndogo kuliko zote, hata kama zingine ni kubwa namna gani. Huu wa mgongoni ndo unasahaulika sana. Trela ya kawaida inatakiwa ikandamize ndoano kwa asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wake, yaani trela ya kilo 3,500 inakulalia nyuma kwa kilo 350 angalau, na hizo zinahesabika kwenye uwezo wa pikapu pamoja na watu waliokaa ndani na madumu na spana zote ulizoweka nyuma. Wapakie watu wazima wanne uone zinabaki kilo ngapi.

Sasa hiyo asilimia 10 inatoka wapi, inatoka kwenye mahali ulipoiegesha mashine. Safari moja niliharakisha, nikapandisha kijiko nikakisimamisha nyuma kidogo ya ekseli ya trela kwa sababu mkono wake ulikuwa unagusa ubao wa mbele na sikutaka kuhangaika kuukunja. Barabarani polepole hakuna shida yoyote. Nikafika kama 80 kwenye mteremko, lori likanipita, upepo wake ukaisukuma trela na trela ikaanza kutikisa mkia, kwanza kidogo kama mtu anakuvuta shati, afu nikaiona kwenye kioo cha kushoto, mara kioo cha kulia, mara kushoto tena na kila ikirudi inarudi kwa nguvu zaidi, na nyuma ya pikapu imekuwa nyepesi ajabu maana mzigo ulio nyuma ya ekseli unainyanyua na magurudumu ya nyuma yanakosa mshiko. Mguu unataka breki. Usikanyage! Ukikanyaga breki ya gari trela ndo inazidi kukusukuma na inaweza kukugeuza uangalie ulikotoka. Nilitoa mguu kwenye mafuta, nikashika usukani ukae sawa bila kufukuzana na trela, na ikatulia yenyewe spidi iliposhuka. Kama trela yako ina breki za umeme na una kile kiswichi cha mkononi, bonyeza breki za trela peke yake, zitainyoosha. Usiongeze mwendo kujaribu kuivuta, unaweza kubahatika mara moja ila safari ijayo mteremko ni mrefu zaidi.

Nikasimama sehemu tambarare, mikono inatetemeka, nikafungua minyororo nikasogeza kijiko mbele hatua moja tu, hatua ya mtu mzima. Kilomita zilizobaki trela ilifuata kama haipo. Hatua moja.

Kufunga mzigo: minyororo minne, kila kona wake, inayovuta chini na kuelekea nje, na ufunge kwenye zile sehemu za chesisi ambazo mtengenezaji amezitoboa kwa kazi hiyo, usifunge kwenye bomba la hidroliki wala ngazi. Ndoo ishushwe mpaka ikae kwenye sakafu ya trela na mkono ufungwe mnyororo wake wa tano. Marekani sheria inataka hivyo hivyo kwa mashine ya pauni 10,000 (kama kilo 4,500) na kuendelea, sehemu nne angalau, vifaa vyake vishushwe na vifungwe, na uwezo wa vifungio vyote kwa pamoja usipungue nusu ya uzito wa mzigo. Mi mashine ndogo pia nafunga hivyo, chuma juu ya chuma kinateleza kama sabuni hasa mvua ikinyesha. Na ukishatembea kilomita chache simama ukaze tena, lazima utakuta kuna mnyororo umelegea.

Ile minyororo ya usalama kati ya gari na trela ipishanishe chini ya shingo ya trela (ile sehemu ya mbele inayoungana na gari), ili trela ikichomoka shingo iangukie juu yake badala ya kuchimba lami. Waya wa breki ya dharura, ule unaofunga breki za trela ikichomoka, ufunge kwenye gari, usiufunge kwenye minyororo hiyo. Kila kituo shika kitovu cha kila gurudumu la trela, kisogelee na mkono taratibu, kimoja kikiwa cha moto kuliko wenzake basi beringi au breki ya hapo ina tatizo na usiendelee. Tairi nazo soma zile tarakimu 4 za mwisho pembeni, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019, trela inakaa sana bila kazi kwa hiyo tairi inazeeka huku kashata bado ziko vizuri.

Leseni na bima angalia za nchi yako kabla hujapakia maana zinatofautiana sana. Uingereza walilegeza Desemba 2021, leseni ya gari dogo ikaruhusu trela mpaka kilo 3,500, wakati kwingine Ulaya ukizidi trela ya kilo 750 na jumla ya gari na trela kilo 3,500 unahitaji kibali cha ziada. Ukipata ajali umezidisha uzito, bima inaweza kukataa kulipa.

Mwisho ni kushusha, watu wanajiachia hapa kwa sababu wamefika. Usichomoe trela ikiwa na mzigo. Weka kabari kwenye magurudumu ya trela na ya gari na uweke vigingi vya kushikilia mkia wa trela kutokea chini, kwa sababu mashine ikifika kwenye ngazi za kushukia mkia unazama na shingo inanyanyua nyuma ya pikapu, na hendibreki ya pikapu nyingi inashika magurudumu hayo hayo ya nyuma yaliyonyanyuka. Gari zima linaanza kuondoka na wewe uko juu ya kijiko.