Wiki ya tano baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: mazoezi yafuate unachokunywa na kula

Ndugu yangu, umeeleza kwamba ulikatwa sehemu kubwa ya tumbo la chakula wiki tano zilizopita, kwamba vidonda vimekauka lakini ukitembea mwendo mfupi tu miguu inalegea, na kwamba mizani haijasogea tangu wiki ya tatu, kwa hiyo unauliza kama uanze sasa kukimbia na kunyanyua vyuma ili uzito uendelee kushuka. Mimi nilifanyiwa upasuaji wa aina ya baipasi miaka kadhaa iliyopita, na ingawa upasuaji wangu na wako haukuwa wa aina moja, njia ya kurudisha nguvu inafanana kwa sehemu kubwa. Mimi si daktari, na maelekezo ya aliyekupasua yanatangulia yote nitakayoandika hapa. Kwa hilo la kukimbia, ningekushauri usubiri, hata kama vidonda havikuumi tena, kwa sababu mwili wako kwa sasa unapata maji na protini kidogo mno kuweza kubeba mbio. Katika miezi hii ya mwanzo, kiasi cha mazoezi kinaamuliwa na kile ulichofanikiwa kunywa na kula siku hiyo.

Nianze na maji, kwa kuwa hapo ndipo uchovu wa wengi wetu unapotokea. Upasuaji wako huondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya tumbo na kuacha mrija mwembamba; wangu huacha kifuko kidogo cha mililita 30 hivi, kisha chakula hupitishwa moja kwa moja kwenye utumbo mwembamba. Kwa vyovyote vile, mtu aliyezoea kumaliza glasi ya maji kwa pumzi moja hawezi tena kufanya hivyo, na akijaribu anapata maumivu ya kifua au anatapika. Upungufu wa maji mwilini ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowarudisha watu hospitali katika wiki za kwanza. Wengi wetu huambiwa tufikishe angalau lita moja na nusu kwa siku, na ukizingatia kwamba huruhusiwi kunywa pamoja na chakula, na kwamba baada ya kula unasubiri kama nusu saa, utaona saa za kunywa zinavyobanwa. Kilichonisaidia ni kikombe kidogo kile kile cha kupimia dawa, cha mililita 30, nilichokiweka kando ya chupa yenye alama za vipimo: kikombe kimoja kila robo saa, kwa mafunda madogo, bila kukimeza chote kwa mkupuo. Kwa muda wa saa 14 unaokuwa macho, hiyo ni karibu lita 1.7, na hata ukikosa vikombe kadhaa kwa sababu ya milo bado unakaribia kiwango. Siku ambayo mkojo ni wa njano iliyokolea, kichwa kinauma na ukisimama unaona kizunguzungu, siku hiyo zoezi lako ni kunywa. Matembezi yasubiri mpaka kesho.

Protini nayo ina hesabu yake. Kiwango kinachotajwa mara nyingi ni gramu 60 kwa siku au zaidi, na katika wiki za vimiminika na vyakula vilivyopondwa wachache sana hukifikia kwa urahisi. Mwili unaopata nishati kidogo namna hiyo huchoma mafuta, jambo ambalo ndilo tulilolitaka, lakini huchoma na misuli pia, hasa pale protini inapopungua na misuli yenyewe haitumiki. Anayekimbia kwa saa nzima akiwa katika hali hiyo anauomba mwili akiba ambayo haupo tayari kuitoa, na mara nyingi atakayelipa ni paja lake, ambalo baadaye atalihitaji kupandia ngazi.

Kuhusu mizani, usihangaike. Katika wiki mbili za kwanza mwili hutumia akiba ya sukari iliyohifadhiwa kwenye ini na misuli, na akiba hiyo hukaa pamoja na maji mengi, kwa hiyo inapoisha uzito huporomoka kwa kasi inayofurahisha. Baadaye mwili hurudisha sehemu ya maji hayo huku mafuta yakiendelea kupungua taratibu, na mizani husimama. Kusimama huko kwa wiki ya tatu, ya nne au ya tano kunawapata watu wengi mno kiasi kwamba wauguzi wa kliniki niliyokuwa nikihudhuria walituonya mapema. Kunaisha kwenyewe. Wanaopunguza kula zaidi au kuongeza mbio ili waikwamue mizani hujiongezea uchovu tu.

Sasa vidonda. Ngozi ya nje hufunga ndani ya wiki mbili au zaidi kidogo, lakini tabaka za ndani za ukuta wa tumbo, pale vifaa vilipopenyezwa, huchukua muda mrefu zaidi kushikamana. Ndiyo maana madaktari wengi hukataza kubeba mzigo unaozidi kilo 5 hivi kwa wiki nne hadi sita, na mazoezi ya kukunja tumbo huchelewa zaidi ya hapo, mpaka daktari mpasuaji aruhusu. Hatari yenyewe ni ngiri kwenye kovu, ambayo matibabu yake huwa ni upasuaji mwingine. Mtoto anayetaka kubebwa ahesabiwe kuwa mzigo kama mwingine wowote; akae pajani kwako ukiwa umeketi. Kuogelea ni zuri sana kwa magoti, lakini ni pale tu ambapo hakuna kidonda hata kimoja kinachotoa majimaji.

Kwa wanaosoma hapa ambao bado hawajapasuliwa, niongeze kwamba mazoezi huanza siku ile ile ya upasuaji, au kesho yake asubuhi, kwa kutembea kwenye korido ya wodi. Lengo la matembezi hayo ni kuzuia damu isigande kwenye miguu, kwani bonge la damu likisafiri hadi kwenye mapafu linaweza kuua. Kutembea kulinisaidia pia na maumivu ya bega, ambayo hakuna aliyekuwa amenieleza: gesi ya kaboni dayoksaidi inayotumika kulitunisha tumbo wakati wa upasuaji huchokoza kiwambo kilicho chini ya mapafu, na neva yake hupeleka maumivu begani. Kuinuka kitandani kuna ufundi wake pia. Unageuka ubavu kwanza, unakunja magoti, unabana mto mdogo tumboni, kisha unashusha miguu huku ukijisukuma kwa mkono, ili tumbo lisifanye kazi ya kukuinua.

Turudi kwako na wiki yako ya tano. Ningekushauri ukate matembezi vipande vipande: dakika 10 asubuhi baada ya vikombe vichache vya maji, nyingine mchana, nyingine jioni, kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Kila wiki ongeza dakika chache kwenye kila kipande, na ukiona siku inayofuata huwezi kurudia ulichofanya jana, basi jana ulizidisha. Pamoja na matembezi, chukua kiti imara kisicho na magurudumu, ukiegemeze ukutani, kaa kwenye ukingo wake na usimame bila kutumia mikono, kisha ukae tena polepole. Zoezi hili la kukaa na kusimama linaonekana la wazee, lakini kwa mtu aliyepungua uzito kwa haraka ndilo kipimo cha kweli cha mapaja, na mimi nilishangaa jinsi lilivyonitoa jasho wakati nilidhani kwamba kupungua kungefanya kila kitu kiwe rahisi. Ongeza kujisukuma kwenye ukuta ukiwa umesimama, na kujiinua kwa vidole vya miguu huku umeshika meza. Pumua wazi wazi unapotumia nguvu, usizuie pumzi, kwa kuwa kuzuia pumzi hubana tumbo.

Ukisharuhusiwa, kwa wengi kati ya mwezi wa pili na wa tatu, mimi ningeanza na mazoezi ya nguvu kabla ya mbio, kinyume cha wanavyofanya wengi. Vyuma vyepesi, mikanda ya kuvuta, au uzito wa mwili wako mwenyewe, mara mbili kwa wiki, vitalinda misuli katika kipindi ambacho uzito unashuka kwa kasi kubwa kuliko wakati mwingine wowote. Lengo la baadaye la dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, ambalo Shirika la Afya Duniani linalipendekeza kwa watu wazima, litafikiwa bila papara. Mbio nazo zina faida ya kucheleweshwa: utafiti uliotolewa mwaka 2005 kuhusu watu wenye uzito uliozidi na magoti yaliyosagika ulionyesha kwamba kila kilo inayopungua huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua. Ukisubiri kilo 15 zaidi zipungue, goti litakuwa limepunguziwa kama kilo 60 kwa hatua, nawe utakimbia kwa raha.

Jihadhari na wakufunzi wa jimu wasiojua upasuaji huu. Mmoja alinitaka nifanye mazoezi nikiwa sijala kitu tangu usiku ili mafuta yaungue vizuri, na mwingine akanipa kinywaji cha wanamichezo chenye sukari nyingi. Kwa sisi wa baipasi hasa, sukari hiyo hukimbilia kwenye utumbo, na ndani ya nusu saa moyo unadunda, jasho linatoka na tumbo linanyonga. Hata waliokatwa tumbo kama wewe huweza kupata hali hiyo. Wapo pia ambao sukari yao ya damu hushuka mno saa moja hadi tatu baada ya kula vitu vitamu, kwa kawaida miezi mingi baada ya upasuaji, na zoezi likiangukia saa hizo wanatetemeka na kuona giza. Maji ya kawaida yanatosha, na mlo mdogo wenye protini saa moja au mbili kabla ya zoezi unatosha pia.

Kama ulikuwa ukitumia dawa za shinikizo la damu au za kisukari, hakikisha dozi zimepitiwa upya, maana dozi iliyokufaa kabla ya upasuaji inaweza sasa kulishusha shinikizo au sukari kupita kiasi, na kizunguzungu unachokiona ukitembea kikawa kinatokana na kidonge. Magoti yakiuma, usichukue aibuprofeni au diklofenaki bila kumuuliza daktari. Kwa aliyefanyiwa baipasi dawa hizo huleta vidonda pale tumbo lilipounganishwa na utumbo, na wengi wetu hubaki na parasetamoli.

Kuna uchovu mwingine unaokuja baadaye, miezi sita au mwaka, ambao watu huuita uvivu kumbe ni upungufu wa damu. Madini ya chuma na vitamini B12 havifyonzwi kama zamani, na wanawake wanaopata hedhi wako hatarini zaidi. Vidonge vya vitamini ni vya maisha yote, vya kalsiamu vitenganishwe na vya chuma kwa saa mbili hivi, na vipimo vya damu visikosekane hata kama unajisikia mzima. Nywele kukatika kati ya mwezi wa tatu na wa sita ni kawaida, na kwa wengi huota tena. Ngozi inayolegea husuguana wakati wa kutembea. Nguo ya ndani inayobana na kufyonza jasho hulimaliza tatizo hilo kwa kiasi kikubwa.

Zipo dalili ambazo zikitokea hakuna habari ya mazoezi, ni kwenda hospitali siku hiyo hiyo: moyo kupiga zaidi ya mara 120 kwa dakika ukiwa umetulia, homa, maumivu ya tumbo yanayoongezeka, pumzi kukata ghafla, kigimbi kimoja kuvimba na kuuma, au kushindwa kubakisha tumboni hata maji. Anayetapika siku kwa siku, kisha akaanza kufa ganzi miguuni, kuyumba au kuona vitu viwili viwili, huenda amepungukiwa na vitamini B1, na hilo haliwezi kusubiri miadi ya wiki ijayo.

Kwenye kliniki yako ya wiki ya sita, nenda na daftari lenye maji na protini ulizofikisha kila siku kwa wiki nzima iliyotangulia, pamoja na dakika ulizotembea. Mwombe daktari akague makovu ukiwa umelala na ukiwa umesimama ukikohoa, akutajie kilo unazoruhusiwa kunyanyua na tarehe ya kuanza mazoezi ya tumbo. Mtaalamu wa lishe naye mwonyeshe daftari hilo hilo. Kama maji yamefika lita moja na nusu na protini gramu 60 kwa siku nyingi za wiki hiyo, lakini miguu bado inalegea, waombe wapime damu kabla hujajiandikisha jimu.