Senta atolewe dakika ya mwisho?

Kocha mwenzangu, umeuliza kama umtoe senta wako mrefu wa mpira wa kikapu (mchezaji wa karibu na kikapu) mnapoongoza kwa pointi tatu dakika ya mwisho, maana mitupo huru inamshinda. Mtoe, ila mpira ukiwa wenu tu. Kwa vyuo vya Marekani, upande wa wanaume, faulo ya 7 hadi ya 9 ya timu katika kipindi, ikiwa si juu ya mchezaji anayerusha kikapuni, ukikosa mtupo wa kwanza hupewi wa pili, kwa hiyo wapinzani watamwinda yeye wamfanyie faulo. Weka watano wenye mikono tulivu. Mtupo wa mwisho ukiingia, mrudishe haraka akalinde kikapu. Rebaundi (mpira unaorudi baada ya mtupo kukosa) ikipotea hapo inauma sana. Na mweleze mapema, mazoezini, asije akadhani humwamini.