Kabla ya kukubali wanafunzi 200, anzia wodini

Wiki iliyopita niliandikiwa na msomaji aliyeteuliwa hivi karibuni kuwa amidi wa shule ya uuguzi katika chuo kikuu kikubwa cha umma, vile vyuo ambavyo utafiti ndio mizani ya kila kitu. Hajamaliza kupanga ofisi, na tayari uongozi wa chuo unamtaka apandishe udahili kutoka wanafunzi 120 kwa mwaka hadi 200. Amepewa wiki mbili za kujibu. Swali lake kwangu: aombe jengo la ukubwa gani?

Ndugu yangu, jengo liache kwanza. Chuo huhesabu viti vya ukumbi wa mihadhara kwa sababu ndivyo kinavyovijua. Wewe ndiye pekee kwenye kikao hicho anayejua kwamba muuguzi hafundwi ukumbini, kwa hiyo hesabu yako ianzie kitandani kwa mgonjwa, irudi nyuma hadi kwenye barua ya udahili.

Chukua wodi za watu wazima. Kundi la wanafunzi wanane kwa mkufunzi mmoja ni kiasi kinachobebeka. Baadhi ya majimbo ya Marekani huruhusu hadi 10, lakini kumi ni ukomo wa kisheria, usiufanye lengo. Wanafunzi 120 ni makundi 15. Wanafunzi 200 ni makundi 25. Nyongeza ya makundi kumi inaonekana ndogo, mpaka ukumbuke kwamba mwaka wa tatu na wa nne huwa wodini kwa wakati mmoja. Ongezeko likishafika miaka yote hiyo miwili, una makundi 20 zaidi kila muhula. Mkufunzi mmoja anayekaa wodini zamu mbili za saa 12 kwa wiki, akarudi kusahihisha mipango ya huduma na kujaza fomu za tathmini, hawezi zaidi ya makundi mawili. Hapo umeshafika wakufunzi kumi wapya, na hujagusa somo lolote la darasani.

Sasa nenda kwenye wodi ya wazazi, maana huko ndiko mipango mingi hukwama. Chumba cha kujifungulia hakipokei wanafunzi wanane. Mama ana haki ya faragha, wanafunzi wa ukunga na wa udaktari nao wanataka kuona, na uzazi haufuati ratiba ya chuo. Kundi la sita, wawili au watatu chumbani na waliobaki kwa mama waliokwisha kujifungua, ndilo linalofanya kazi. Tuseme nusu ya darasa hupita huko nusu ya kwanza ya muhula, nusu nyingine baadaye. Kwa wanafunzi 120, kila nusu ni watu 60, makundi kumi. Wodi moja yenye zamu mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, ina nafasi kumi. Yaani leo hii umejaa pomoni! Wanafunzi 200 wanahitaji nafasi 17, na kundi la mwisho lina watu wanne wanaolipiwa mkufunzi mzima. Wodi ya watoto ni hivyo hivyo, wakati mwingine ni vigumu zaidi.

Kabla hujasema lolote kwa uongozi, pata orodha ya kila wodi unayotumia: zamu zipi ni zako, zipi zimeshikwa na shule nyingine, mkataba unaisha lini. Orodha hiyo isitoke kwenye kumbukumbu za mratibu wa mafunzo. Itoke kwa muuguzi kiongozi wa wodi mwenyewe, kwa maandishi, kwa sababu nafasi iliyoahidiwa na ofisi ya mkurugenzi wa hospitali na nafasi iliyopo wodini ni vitu viwili. Wodi yenye upungufu wa wauguzi itapokea wanafunzi kwenye karatasi na kuwakimbia kwa vitendo.

Mikataba mipya na hospitali usiihesabu kwa wiki. Ihesabu kwa miezi, na ujue kinachoichelewesha. Wanasheria wa hospitali huweka kifungu kinachokitaka chuo kubeba hasara yoyote itakayotokea. Vyuo vingi vya umma haviruhusiwi kisheria kutia saini ahadi ya namna hiyo. Barua zinaanza kwenda na kurudi huku muhula unakaribia. Kaa na wanasheria wa chuo mara moja, mpate maneno mbadala yanayokubalika (kwa kawaida, kila upande unawajibika kwa makosa ya watu wake na chuo kinaonyesha bima), kisha tumia maneno hayo kwa kila hospitali. Tarehe za kuisha zitawanye. Mikataba yote ikiisha mwezi mmoja, mwezi huo hutalala.

Na kuna kikwazo kidogo ambacho huangusha mipango mikubwa: chanjo. Chanjo ya homa ya ini aina ya B, katika ratiba ya kawaida, ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Kipimo cha kinga hufanywa mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya mwisho, na kiwango kinachotafutwa ni angalau mIU 10 kwa mililita. Jumlisha: miezi saba au minane, na asiyefikia kiwango huanza mzunguko wa pili. Mwanafunzi anayeambiwa habari hii wiki ya kwanza ya masomo hawezi kuwa na majibu muhula wa pili unapoanza. Maagizo ya chanjo yaende pamoja na barua ya udahili, na awepo mtumishi mmoja ambaye kazi yake ni kufuatilia rekodi hizo. Akikosekana, kazi itaangukia kwa wahadhiri, nao wataifanya vibaya.

Hapa ndipo mtu wa uongozi atakuuliza: kwa nini msitumie midoli ya mafunzo badala ya wagonjwa? Swali ni halali. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2014 na muungano wa kitaifa wa mabaraza ya uuguzi ya Marekani, uliofanyika katika programu kumi, uliwafuatilia wanafunzi waliofanya uigaji, yaani mazoezi ya aina hiyo, kwa asilimia 10 au chini ya saa za vitendo, asilimia 25, na asilimia 50. Matokeo ya makundi hayo matatu hayakutofautiana kwa kiasi cha maana. Viongozi huikumbuka hiyo 50 na kusahau masharti: wakufunzi waliofundishwa hasa kuendesha uigaji, na mjadala wa kina baada ya kila zoezi.

Mjadala huo ndio somo lenyewe. Zoezi la dakika 20 linataka mjadala wa dakika 40, kisha dakika 15 za kupanga upya chumba, dawa na mdoli. Hiyo ni saa moja na robo. Siku ya saa nane inatoa mazoezi sita kwa chumba kimoja. Kila kundi likipata matatu, chumba kinahudumia makundi mawili kwa siku. Na kila zoezi linataka mkufunzi anayeongoza pamoja na fundi anayeendesha mdoli. Uigaji unaokoa vitanda, mishahara hauiokoi. Shule nyingi zimenunua midoli ya bei kubwa ikaishia kufunikwa mashuka kwa kukosa fundi. Omba fundi kwanza, mdoli baadaye. Na kabla ya kuandika asilimia yoyote, soma kanuni za baraza lako la uuguzi, kwa sababu mabaraza hutofautiana.

Turudi kwa wale wakufunzi kumi. Chuo kitakupa nafasi za mikataba ya kufundisha, za bei nafuu, na utashawishika kuzichukua zote. Usifanye hivyo bila kuangalia uwiano. Shule ya uuguzi ya Florence Nightingale iliyofunguliwa London mwaka 1860 ilikuwa ndani ya hospitali, na kwa miongo mingi baadaye shule za namna hiyo ziliwatumia wanafunzi kama nguvu kazi ya wodi. Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kilipoanzisha mwaka 1923 shule ya uuguzi inayojitegemea, yenye mkuu wake, hoja ilikuwa elimu ya muuguzi itangulie mahitaji ya wodi. Ukijaza walimu wa mkataba wasio na sauti kwenye vikao wala njia ya kupanda cheo, utakuwa umerudisha hospitali ndani ya chuo kwa mlango wa nyuma. Waandikie ngazi yao ya kupanda, yenye vigezo vya ufundishaji na huduma, ipitishwe na seneti kabla hujaajiri. Ikipitishwa baadaye itakuwa ugomvi.

Walimu wenye leseni za juu za uuguzi wana mahitaji mengine. Marekani, mojawapo ya vyombo vinavyowathibitisha wauguzi wa ngazi ya utabibu (wanaopima na kutibu wagonjwa) hudai saa 1,000 za kazi kwa wagonjwa kila miaka mitano. Hiyo ni saa 200 kwa mwaka, kama nusu siku kwa wiki. Nusu siku hiyo isipokuwemo kwenye mgawanyo wa kazi, mwalimu ataifanya Jumamosi, na baada ya miaka miwili atarudi kliniki moja kwa moja, ambako mshahara ni mkubwa kuliko wako.

Watafiti nao usiwatoe kafara. Udahili ukipanda, jambo la kwanza kuliwa ni muda wa utafiti wa wahadhiri wapya, halafu baada ya miaka sita kamati ya kupandisha vyeo inauliza machapisho yako wapi. Mhadhiri mpya mwenye shahada ya uzamivu apewe angalau miaka mitatu ya mzigo mdogo, uandikwe kwenye barua ya ajira kwa idadi ya kozi. Maneno matamu ya "tutakusaidia" hayatetei mtu kwenye kikao. Anayeomba ruzuku kubwa ya taasisi za afya za Marekani kwa mara ya kwanza hukutana na tarehe tatu kwa mwaka, 5 Februari, 5 Juni na 5 Oktoba, na kutoka kuwasilisha hadi fedha kuanza kutoka ni kama miezi tisa mambo yakienda vizuri. Wengi hukataliwa mara ya kwanza wakaomba tena. Kwa hiyo miaka mitatu si anasa. Na msimng'ang'anie mfadhili wa uuguzi peke yake: taasisi ya kitaifa ya utafiti wa uuguzi, iliyoanza kama kituo mwaka 1986 na kuwa taasisi kamili 1993, ni miongoni mwa zenye mfuko mdogo. Utafiti wa kuanguka kwa wazee una nyumba yake kwenye taasisi ya uzee, wa maumivu ya saratani una yake.

Upande wa fedha, kosa ni kupokea kitita cha mara moja. Mkufunzi analipwa kila mwaka. Dai sehemu ya ada inayofuata kila mwanafunzi wa ziada, kwa maandishi, na weka pembeni ya hesabu yako mfano ambao hata mtu wa fizikia ataelewa: mhadhara wa wanafunzi 200 unataka mwalimu mmoja, wodi inataka makundi 25.

Mtihani wa leseni nao utakuja kukudai. Ukipanua udahili, alama ya chini ya kuingilia hushuka, lakini matokeo huonekana miaka kadhaa baadaye, pengine ukiwa umeshapongezwa. Kigezo cha vyombo vya ithibati vya Marekani kinazungukia asilimia 80 ya wahitimu kufaulu mtihani huo. Usisubiri mwaka wa mwisho kuwachuja wanaoyumba. Dalili huonekana mapema kwenye famakolojia (somo la dawa), hapo ndipo pa kuweka mwalimu wa ziada.

Basi jibu lako lisiwe ndiyo wala hapana. Andika 192. Wapande kwa hatua za 24: 144, 168, 192, na kila hatua isianze mpaka zamu za wodi ya wazazi zimesainiwa. Ishirini na nne ni makundi matatu kamili ya wanane, na nusu yake ni makundi mawili kamili ya sita. Ukifika 192 una makundi 24 wodini na 16 kwa wazazi, bila mkufunzi hata mmoja anayelipwa kwa kundi nusu. Wakikuuliza kwa nini si 200, waonyeshe lile kundi la kumi na saba lenye watu wanne.