Jibu: Ukurasa usio na maneno, wenye mistari ya buluu chini ya wino

Salamu mkuu. Nimekuelewa hivi: tamashani umeona ukurasa wa katuni ya Kimarekani, muuzaji anauita halisi, yaani ule wenyewe uliochorwa kwa mkono kabla ya kuchapwa kitabuni, lakini viputo vya maongezi havina maneno na chini ya wino kuna mistari ya buluu. Unahofia ni nakala.

Kukosekana kwa maneno kusikutishe. Tangu miaka ya 1990 mengi huwekwa kwa kompyuta. Kwenye kurasa za zamani ndiko utakakoyakuta yameandikwa kwa mkono au kubandikwa.

Anza na hiyo buluu. Iangalie kwa lenzi ndogo, mwanga ukitokea ubavuni. Penseli ya buluu hukolea na kufifia kufuata mkono ulivyokandamiza. Ukiona vidoti vidogo vidogo, basi imechapwa: mchoraji wa penseli alituma picha kwa intaneti, mtia wino, yaani msanii mwingine anayepitisha wino juu ya penseli, akaichapa kwa buluu na kuchora juu yake. Wino hapo ni halisi kabisa, ila penseli iko kwenye karatasi nyingine, na bei lazima ishuke. Mimi niliwahi kununua wa namna hiyo bila kuuliza. Niligundua nyumbani na iliniuma sana. Muulize waziwazi: penseli iko wapi?

Kama hata wino ni vidoti, achana nao. Wino wa mkono una weusi usiolingana kwenye sehemu pana, na ule mweupe wa kusahihishia huonekana umeinuka kidogo.

Mchoraji mwenyewe akiwa hapo tamashani, mwonyeshe picha ya ukurasa huo kwenye simu kabla hujalipa. Mimi hufanya hivyo kila mara, na hakuna aliyewahi kuchukia.