Bastola kubwa kiunoni: kinachojichora ni mpini, si mtutu

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba leseni yako imeshatoka, kwamba silaha uliyonayo ni CZ 75 ya milimita 9, na kwamba kazi yako ya kununua mahindi na alizeti inakupeleka Kibaigwa na kukurudisha Dodoma mjini ukiwa na fedha za watu. Tatizo lako ni kwamba kila ukiivaa wenzako wanaigundua kabla hujakaa kitini, na sasa unauliza kama ni afadhali kuiuza na kutafuta ndogo. Nami nipo katika biashara ya nafaka na nimebeba bastola ya ukubwa huo kwa miaka mingi, kwa hiyo nitakujibu kwa yale ninayoyajua kwa kuyatumia.

Usiiuze kwanza. Wengi wakiitazama bastola kubwa huhangaishwa na urefu wa mtutu, ilhali mtutu ndio sehemu rahisi kuliko zote kuficha, kwa kuwa unazama ndani ya suruali na kulala sambamba na mwili. Kinachojichora kwenye shati ni mpini, ambao unabaki juu ya mkanda na umekaa kwa kukingama, hivyo ukiinama kidogo tu kitako chake kinasukuma nguo kwa nyuma. CZ 75 ina urefu wa takriban milimita 206 na kimo cha takriban milimita 138, na hicho kimo ndicho unachopaswa kupambana nacho. Angalia mfano wa bastola za Glock: Glock 34 ina mtutu wa takriban milimita 135 na Glock 17 ina wa milimita 114, lakini mipini yao ni ya ukubwa mmoja, na aliyeweza kuificha ile fupi kwa kawaida huificha na ile ndefu kwa nguo zile zile. Glock 19 ndiyo inayofichika kwa urahisi zaidi, kwa sababu mpini wake umepunguzwa kama sentimita moja. Ukielewa hilo, utaacha kutafuta mahali pa kuficha mtutu na utaanza kutafuta namna ya kuulaza mpini ubavuni.

Namna hiyo inaanzia kwenye mkanda. CZ 75 ni bastola ya chuma kitupu, bila risasi inakaribia kilo moja, na ikijazwa inapita hapo. Mkanda wa kawaida wa suruali ya ofisini hauwezi mzigo huo; unajikunja, holsta (ala ya kubebea bastola) inaning'inia, na mpini unaondoka mwilini hata kama holsta yenyewe ni ya bei ghali. Unahitaji mkanda wa upana wa milimita 38 hivi, wa ngozi mbili zilizoshonwa pamoja, ambao ukiushika kwa ncha moja na kuunyoosha kwa ubapa hauanguki upande kama utepe. Si lazima uagize nje: fundi mzuri wa viatu anaweza kukushonea ukimweleza kwamba unataka ukakamavu, si urembo. Suruali nayo iongezwe kiunoni namba moja au mbili, na umwombe fundi cherehani apanue lupu na kuongeza moja karibu na mahali holsta inapokaa, ili isitembee unapopanda na kushuka kwenye gari.

Baada ya mkanda ndipo holsta. Kwa bastola kubwa na kwa kazi kama yetu, chaguo langu ni holsta ya ndani ya suruali, nyuma kidogo ya nyonga ya kulia, iliyoinamishwa mbele kiasi. Mwinamo huo ndio wenye kazi kubwa, kwa sababu unaufanya mpini ufuate mstari wa mbavu badala ya kutokeza nyuma. Iwe ni ya ngozi ngumu au ya plastiki ngumu ya Kydex, iliyofinyangwa kwa modeli yako, inayofunika triga yote, na mdomo wake ubaki wazi bastola inapotoka. Hizi za kitambaa laini zinazouzwa kwa kisingizio kwamba zinatosha kila bastola sizipendi hata kidogo: mdomo unafumba bastola ikishatoka, na mtu analazimika kuufungua kwa vidole vya mkono wa pili huku mtutu ukielekea kwenye vidole hivyo hivyo.

Kurudisha bastola kwenye holsta ndiko kunakohitaji utulivu kuliko kuichomoa, na kaunda suti, ambayo nitaisifu hivi punde, ina pindo refu linaloweza kuingia kwenye holsta pamoja na bastola na kukaa mbele ya triga. Vuta nguo juu kwa mkono wa kushoto mpaka kifuani, tazama holsta kwa macho, ondoa kidole kwenye triga, kisha weka dole gumba juu ya nyundo (kile kipande cha nyuma ya bastola kinachogonga ili risasi ifyatuke) unaposukuma chini taratibu. Kwenye CZ 75 nyundo iko nje, na kama kuna kitu kinaibana triga, dole gumba litahisi nyundo ikianza kusogea kabla mambo hayajaharibika. Kumbuka pia kwamba CZ 75 ya kawaida haina kitufe cha kushusha nyundo kwa usalama. Ile yenye kitufe hicho ni modeli nyingine, ya BD. Kwa hiyo hali utakayoibebea, nyundo ikiwa chini au imepandishwa, uiamue ukiwa na mkufunzi, bastola ikiwa tupu, na usiibadilishe badilishe kila asubuhi.

Kubeba mbele, kati ya kitovu na nyonga, kunaficha vizuri sana kwa mtu mwembamba, na ukikaa kwenye gari mkono unaifikia bila kupigana na mkanda wa kiti. Mimi nina kitambi, na mtutu wa sentimita 12 ukikutana na kitambi na kiti cha lori, safari ya kutoka Kibaigwa inakuwa adhabu. Zaidi ya hayo, mtutu unaelekea kwenye kinena na mshipa mkubwa wa paja, mahali ambapo uzembe mdogo hauna msamaha. Holsta ya kwapani inataka koti muda wote, nasi tunaishi kwenye jua. Ya kifundo cha mguu haibebi bastola ya kilo moja. Begi ninalikataa moja kwa moja: begi huwekwa mezani, husahaulika kwenye kiti, hunyakuliwa na mtu aliye kwenye bodaboda, na watoto nyumbani hulifungua wakitafuta biskuti. Leseni ni ya kwako peke yako, na silaha iliyo ndani ya begi huwa mikononi mwa yeyote aliyelishika.

Kuhusu nguo, wewe umesema unachomekea shati, na hapo ndipo wenzako wanapokukamata. Kaunda suti inavaliwa nje ya suruali, ina kitambaa kizito kiasi, inashuka chini ya mkanda, na katika mji uliojaa watumishi wa serikali hakuna anayeigeukia mara mbili. Shati la kitenge au batiki nalo linafaa, kwa kuwa maua na mistari huvuruga umbo ambalo kitambaa cheupe chepesi kingelionyesha wazi. Liwe pana mabegani lakini lisiwe gunia. Upepo wetu wa Julai na Agosti unabandika nguo mwilini na kuinua pindo, kwa hiyo vitambaa vya hariri bandia viache kwa ajili ya harusi.

Kisha yajaribu kwa mienendo ya kazi yenyewe, si kwa kusimama wima mbele ya kioo. Ukinyanyua mkono kuchoma bambo (chuma cha kuchotea sampuli ya nafaka) kwenye gunia lililo juu ya lundo, shati linapanda na mpini unabaki uchi, hivyo chagua gunia la usawa wa kifua au mwachie kijana achome wewe upokee punje kiganjani. Unaposoma mizani iliyo chini, chuchumaa kwa magoti badala ya kuinamisha mgongo. Na mtu akija kukukumbatia, mpe mkono wa kulia mapema na umgeuzie bega la kushoto.

Jasho na vumbi la mahindi vitaila bastola kama hukuifuta. Jioni ondoa magazini (kibebea risasi), hakikisha chemba (tundu inamokaa risasi ya kufyatuliwa) ni tupu, pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo sana kwenye upande unaogusa mwili, kisha puliza vumbi kwenye magazini, kwa maana mafuta mengi pamoja na vumbi la huku hugeuka tope. Ikiwa ratiba yako ya siku ina uwanja wa ndege, Bunge, mahakama au treni ya SGR, iache nyumbani ndani ya kasiki, usiiache garini. Na wauzaji wanaokubali kulipwa benki au kwa simu walipe hivyo. Fedha taslimu zikipungua, hata siku za kuivaa zinapungua.

Kama bajeti ni ya kitu kimoja kwa sasa, anza na mkanda, kisha holsta, kisha ndipo ufikirie tena suala la kununua bastola nyingine. Kabla ya kuagiza holsta, tazama chini ya mtutu kama bastola yako ina reli ya kufungia taa, kwa sababu zipo CZ 75 zenye reli na zisizo nayo, na holsta iliyofinyangwa kwa ile isiyo na reli haitapokea yenye reli. Utujulishe ni ipi, na kama unatumia mkono wa kulia au wa kushoto.