Uzito wa mzigo haufungi mzigo: kwa vijana wanaoanza kazi ya lobedi Mwanza

Kauli ninayoisikia sana kwa matingo wapya wa lobedi, yaani trela la bodi ya chini la kubebea mashine nzito, ni hii: "Dude lenyewe lina tani 22, litakwenda wapi?" Litakwenda mbele, liwakute kwenye kichwa cha gari. Viwango vya Ulaya vya kufunga mizigo vinataka ufungaji uhimili msukumo wa mbele wa asilimia 80 ya uzito wa mzigo, na asilimia 50 pembeni na nyuma. Kwa eskaveta ya tani 22, breki moja kali inaweza kukuletea msukumo wa tani 17.6.

Chuma kikavu cha miguu ya mashine juu ya chuma cha bodi kinashika kama 0.2 ya uzito, yaani tani 4.4. Zilizobaki, 13.2, zote ni za cheni. Na kama mashine imepakiwa na tope la mbuga miguuni, hata hizo 4.4 usizihesabu. Tandika raba kavu na safi chini ya miguu yote miwili, msuguano unafika kama 0.6: raba peke yake imeshika tani 13.2, cheni zimebakiwa na 4.4. Ndiyo maana kabla ya cheni mimi nauliza fagio na raba ziko wapi. Vipande vya mkanda wa konveya uliochakaa vinafaa, ili mradi havina grisi. Kufagia bodi ndiyo kazi inayodharauliwa kuliko zote, na sijui kwa nini.

Sasa cheni. Ya milimita 10, gredi 80 (gredi ni daraja la uimara wa chuma chake), kwa kufungia mzigo inahimili kama tani 6.3 ikivutwa moja kwa moja. Tafuta alama ya 8 au 80 kwenye pete. Isiyo na alama ikafungie geti. Usipige fundo, na usiunge pete kwa bolti. Kila pembe ya mashine iwe na cheni yake, na mwelekeo uuelewe: inayozuia mashine isije mbele ni ile inayoivuta kurudi nyuma. Nimeona eskaveta ina cheni nne nzuri, zote zinavuta kwenda mbele. Kwa breki ya ghafla, hiyo ni sawa na haijafungwa. Mkono wa eskaveta uteremshwe, ndoo ilale juu ya ubao, nayo ipate cheni ya tano. Pini ya kuzuia kizunguko, ile sehemu ya juu ya mashine inayozunguka, iingizwe, breki ya mashine ifungwe.

Kikaza cha mpini, kile cha kukazia cheni kwa kubana mpini, ni hatari kuliko kinavyoonekana. Kikiruka kinapiga taya. Simama pembeni ya mpini, usiongeze bomba ili upate nguvu. Ukiweza kupata kikaza cha kuzungusha, chukua hicho.

Kuna jambo moja limebadilika kwetu. Zamani ukienda Geita, kivuko cha Kigongo kilikusimamisha upende usipende. Wakati foleni inasogea, tingo alizunguka gari, akagusa cheni, akakaza. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, unavuka kilomita 3 za maji bila kukanyaga breki, na ukaguzi ule umekufa kimyakimya. Mzigo lakini bado unajikalia upya kwenye kilomita za mwanzo: raba inabonyea, cheni zinalegea. Ukitoka bandari ya Mwanza Kusini ukapita Nyegezi na Buhongwa, matuta yameshafanya kazi yake. Simama Usagara, kaza. Simama tena Sengerema. Juu ya daraja usisimame.

Mambo ya makaratasi nayapitia haraka: kibali cha mzigo uliozidi kipimo kinatafutwa kabla ya safari, hakiombwi mizani. Uzito wote wa gari na mzigo kwa sheria ya Afrika Mashariki mwisho ni tani 56, na kila ekseli ina kikomo chake, kwa hiyo ulipoiweka mashine kwenye bodi ni muhimu sawa na uzito wake. Urefu wa kwenda juu pima kwa futi kamba baada ya kupakia. Nyaya za umeme hazisomi karatasi ya mwenye mashine.

Mkifika mgodini, msikimbilie kufungua. Angalieni kwanza kama mashine imeegemea cheni fulani, maana hiyo ikifunguliwa ndipo inaposogea. Gari likiwa sehemu tambarare, opereta aingie, abane breki, ndipo mlegeze moja moja, na asiwepo mtu upande mashine ilikoinamia.