Usukani Unapotikisika Kwenye Vani Iliyogeuzwa Fowili: Anza na Mikono, Spea Baadaye

Kila masika yakikolea hapa Kigoma, simu za madereva wenzangu huongezeka, na swali ni lilelile: "Kaka, gari inanitupa mikono, nifunge nini?" Ninawajibu wote kwa namna moja. Usifunge kitu kwanza, wala usinunue spea. Tafuta mtu wa kukushikia usukani, kisha wewe ingia chini ya gari na mikono mitupu.

Nazungumzia vani zilizogeuzwa kuwa fowili, yaani injini inasukuma magurudumu yote manne: Hiace na nyingine za aina yake, ambazo gereji imetoa mguu wa mbele wa kiwandani (viungo vinavyoshika magurudumu) na kuweka ekseli nzima yenye difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili), mara nyingi ya Land Cruiser ya mtumba. Hata Marekani wanafanya kazi hii kwenye Ford Econoline, ambayo kwa miaka mingi ilitoka kiwandani na boriti mbili mbele, kila gurudumu na boriti yake. Karakana zinaing'oa na kufunga ekseli moja inayoshika magurudumu yote mawili. Mimi sina ugomvi na kazi hiyo. Ukitoka Mwandiga kupanda Kalinzi na kuacha lami kuingia njia za ndani za Buhigwe wakati wa mvua, umebeba mawese, dagaa na abiria, mguu wa Land Cruiser unavumilia mambo ambayo mguu wa Hiace hauyawezi. Lakini ekseli nzima ina tabia yake: gurudumu la kushoto likigongwa, la kulia linapata sehemu yake hapohapo, kwa sababu yamefungwa kwenye chuma kimoja na tairodi moja, ile fimbo inayoyaunganisha yageuke pamoja.

Kutikisika kuko kwa namna mbili, na ukizichanganya utamaliza hela. Namna ya kwanza hufuata mwendo. Ukikaribia 80 usukani unaanza kutetemeka kwa wepesi, ukipita 100 pengine unatulia, ukipunguza unarudi. Hapo washukiwa ni tairi, rimu au balansi. Namna ya pili haihitaji mwendo mkubwa. Uko 60 au 70, tairi moja linagonga kiraka cha lami au ukingo wa daraja, na ghafla mbele yote ya gari inapiga kulia na kushoto kwa nguvu isiyozuilika kwa mikono, wala haikomi mpaka gari likaribie kusimama. Hiyo ndiyo inayopeleka magari mtaroni. (Kama usukani unatikisika pale tu unapokanyaga breki, angalia diski au ngoma za breki. Hiyo ni kesi nyingine.)

Ikikukuta namna ya pili, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani imara bila kushindana nao, vidole gumba vikae nje ya mikono ya usukani visije vikavunjwa, na kanyaga breki taratibu. Breki ya ghafla inatupa uzito wote mbele na kuzidisha vurugu. Ukishasimama, waambie abiria ukweli na utembee polepole mpaka mahali pa kukagua. Haijapita. Inasubiri kiraka kingine.

Kinachotokea ni hiki. Kiraka, shimo, tairi lisilo na balansi, vyote hivyo ni vichochezi. Kwenye mguu uliokaza, kichochezi kinatikisa mara moja na kuisha. Penye ulegevu, gurudumu linapata nafasi ndogo ya kujitupa kabla tairodi haijalishika, linamrudishia mwenzake pigo, naye anarudisha, na kila pigo linakuta nafasi ileile wazi. Ndiyo maana balansi mpya inaweza kuondoa tatizo kwa wiki kadhaa, mwenye gari akashukuru, kisha likarudi kwa ukali zaidi: kimeondolewa kichochezi, ulegevu umebaki na unaendelea kula vyuma.

Anza na kisicho na gharama. Udongo mwekundu wa Kasulu na Buhigwe huingia ndani ya rimu, ukikauka unakuwa mgumu kama tofali, na umeganda upande mmoja tu. Nimeona magari yakipelekwa mjini kufungwa tairodi ilhali dawa ilikuwa bisibisi na ndoo ya maji. Osha rimu kwa ndani, kwa mkono. Pima upepo tairi zikiwa baridi, kushoto na kulia zilingane. Pandisha jeki, zungusha tairi huku umeweka kijiti karibu na mkanyago; kama mkanyago unasogea na kurudi, au kuna uvimbe, nyuzi za ndani zimekatika na tairi hilo halibalansiki. Hamisha tairi za mbele nyuma na za nyuma mbele, kama zinafanana. Mtetemo ukihamia kwenye kiti, umempata mshukiwa.

Kwenye vani iliyogeuzwa, nati za magurudumu zinahitaji jicho la pekee, kwa sababu rimu huwa imetoka gari moja na nati zimetoka gari jingine. Rimu ya chuma ya Toyota inataka nati yenye ncha ya mviringo unaosinyaa, unaoingia kwenye tundu na kuiweka rimu katikati. Rimu nyingi za aloi za Toyota zinataka nati yenye washa bapa. Ukizichanganya, nati itakaza vizuri tu, lakini rimu itakuwa imekaa pembeni kidogo, na hakuna balansi itakayoiponya.

Jaribio jingine la bure: kama habu zako za mbele zina frii na loki (vya kuachia au kuunganisha gurudumu na ekseli), ziweke frii zote mbili, ondoka kwenye fowili, na uendeshe. Mtetemo ukipotea, tafuta kwenye propela ya mbele (fimbo inayopeleka nguvu kwenye difu) na krosi zake, yaani viungo vyake, usiguse stelingi.

Sasa jaribio lenyewe, ambalo ningependa kila dereva wa fowili alijue kuliko namba ya fundi wake. Gari likae chini kwa matairi yake kwenye sakafu ngumu. Weka vigingi mbele na nyuma ya matairi, gia huru, breki ya mkono juu. Kama stelingi ni ya pawa, injini iwake. Msaidizi azungushe usukani kidogo, kulia na kushoto, upana wa kiganja tu, bila kukoma. Wewe uko chini. Weka kidole kimoja kwenye kichwa cha tairodi na kingine kwenye mkono wa chuma kinapofungwa. Kiungo kizima kinavipeleka vidole viwili pamoja. Kilichokufa, kidole kimoja kinatangulia na cha pili kinafuata kwa kuchelewa, na utahisi pigo dogo kwenye mfupa wa kidole kabla macho hayajaona chochote. Fundi mmoja mzee wa Gungu, aliyenionyesha jambo hili, alikuwa akinikataza kuangalia. "Shika, mwanangu, usitazame. Mpira unaficha." Alikuwa na haki: ule mpira wa kuzuia vumbi hufunika pengo lote, na kiungo kinaonekana kipya wakati ndani hamna kitu.

Pita kila kiungo, kutoka kwenye boksi ya stelingi mpaka gurudumu la mbali: mkono unaotoka kwenye boksi, fimbo inayokwenda kwenye gurudumu, ncha zote mbili za tairodi. Halafu tazama boksi yenyewe. Shafti ya juu ikizunguka huku mkono wa chini umesimama, boksi ina ulegevu ndani. Boksi nzima ikisogea, shida ni pale ilipofungwa, na hapa ndipo vani za kugeuzwa zinapotofautiana na gari la kiwandani. Chasi ya Hiace haikutengenezwa kubeba boksi hiyo mahali hapo. Fundi amechomelea bamba, na bamba linapokea kila pigo la barabara. Lisugue kwa brashi ya waya, lifute kwa kitambaa chenye dizeli, kisha mwambie msaidizi aendelee kuzungusha. Ufa huonekana kama uzi mwembamba wa kutu unaofunguka na kufumba. Ukiuona, gari limelala hapohapo. Kuchomelea juu ya ufa bila kutoboa ncha zake na kuongeza bamba la nguvu ni kuuahirisha tu.

Kuna kosa la kugeuza gari ambalo linanikera kuliko yote. Pini ya tairodi inasinyaa kuelekea ncha, na tundu lake linasinyaa vilevile. Gari tofauti, vipimo tofauti. Fundi akikutana na pini isiyolingana na tundu, anakaza nati mpaka mwisho na kupitisha kota pini (kipini cha kuzuia nati isifunguke), nje panaonekana salama. Ndani pini imegusa ukingo mmoja tu. Toa pini, paka chaki au wino, irudishe, ikaze kidogo, itoe tena. Rangi ikiwa imefutika pande zote, sawa. Ikifutika kwenye pete nyembamba ya juu au ya chini, usiendeshe gari hilo. Dawa ni tundu lichongwe kwa kipimo sahihi, au mkono ubadilishwe.

Baada ya hapo pandisha jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta. Likicheza, mwambie msaidizi akanyage breki ukiwa unaendelea. Mchezo ukiisha, beringi za gurudumu zimelegea. Ukibaki, ni beringi za kingipini, ile pini ambayo gurudumu hugeukia likikata kona. Ukishika kushoto na kulia na ukapata mchezo usiokuwepo juu na chini, rudi kwenye tairodi.

Beringi za kingipini za Toyota zinatakiwa ziwe zimekazwa kiasi, na kiasi hicho hupimwa kwa mizani ya ndoano, ileile wanayopimia samaki Kibirizi. Toa gurudumu, ng'oa tairodi, tia ndoano kwenye tundu la mkono, vuta kwa pembe mraba na usome kilo zinazohitajika kuusogeza. Linganisha na kitabu cha ekseli uliyonayo, kwani vipimo vinatofautiana. Mkono ukigeuka kwa kidole kimoja bila ukinzani wowote, hapo ndipo kutikisika kunapozaliwa. Kukaza ni kupunguza shimu (vipande vyembamba vya chuma vya kujaza nafasi), lakini usipunguze upande mmoja bila hesabu. Shimu za juu na za chini ndizo pia zinazoliweka gurudumu katikati ya ekseli.

Ujue basi una ekseli gani. Land Cruiser 70 za kazi nzito za kabla ya 1999 zina springi bapa mbele na bolti 6 za gurudumu. Baadaye zikaja na koili na bolti 5. Yenye koili ina panadi rodi, fimbo inayozuia ekseli isiende kulia na kushoto, na bushi zake zikilika utahangaika na tairodi bure. Panadi rodi na fimbo ya stelingi zitazamwe kwa mbele: zikiwa hazilali kwa mwinamo mmoja, kila gari likidunda usukani unajigeuza wenyewe. Hilo ni kosa la aliyefunga, na spea mpya hazilirekebishi. Yenye springi bapa, tazama bushi, sheko (vishikio vya ncha ya springi), na senta bolti, ile inayozuia springi na ekseli zisihame. Senta bolti ikikatika, ekseli inarudi nyuma upande mmoja.

Kama viungo vyote vimekaza na gari bado linazurura, halirudi lenyewe katikati baada ya kona, hapo fikiria pembe ya kingipini, yaani mwinamo wake kwenda nyuma. Kuongeza kimo cha gari huivuruga mara nyingi. Kwenye springi bapa hurekebishwa kwa kabari kati ya springi na ekseli. Upande mnene unakwenda mbele au nyuma kutegemea springi iko juu au chini ya ekseli, na kabari iwe ya chuma, ile ya aluminiamu hupasuka. Kumbuka kwamba ukiizungusha ekseli umezungusha na difu, hivyo krosi za propela ya mbele zinaweza kuanza kulalamika.

Dampa ya stelingi, shokabsoba ndogo ya kutuliza usukani, nimeiacha mwisho kwa makusudi. Ndiyo spea wanayoiuza kwanza, na kweli inatuliza. Mimi ninaitoa kabisa kabla ya ukaguzi, nairudisha kazi ikiisha. Gari lenye ekseli nzima na viungo vizima linatakiwa litembee bila dampa kwenye mwendo wa wastani pasipo vurugu. Anayekufungia dampa mpya bila kuingia chini amekuuzia wiki chache za usingizi.

Alaimenti, yaani kupanga mwelekeo wa matairi, ifanyike baada ya ulegevu wote kuondoka, si kabla, kwani huwezi kupima kitu kinachosogea. Matairi yaelekeane kidogo kwa mbele, milimita chache tu. Halafu yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli: kazi ikishafanyika, pakia mzigo wako wa kawaida, nenda safari moja, rudi ukaze tena. Springi zikishakaa mahali pake, yubolti zilizokazwa gereji gari likiwa tupu huwa zimelegea.